Reno: kwa nini kichwa kinagonga siku ya pili? Wazoefu wa kasino na milima tujuzane

#1 Njia ya 80

Wakuu salaam. Swali hili ni la wanaopeleka wageni Reno, Nevada, hasa wanaotokea Sacramento na Bay Area (San Francisco na jirani zake) kwa wikiendi moja.

Ratiba huwa ileile. Ijumaa jioni gari linatoka Sacramento, karibu kabisa na usawa wa bahari, linapanda I-80, linavuka Donner Summit mita 2,206 na kushuka Reno, mita 1,370 hivi. Watu wanalala hoteli ya kasino. Jumamosi asubuhi wanashika barabara ya 431 hadi juu pale Mount Rose, wanatembea kidogo, wanateremkia Incline Village kuliona Ziwa Tahoe, jioni wanarudi mezani. Jumapili asubuhi nusu ya gari wameshika vichwa.

Kinachotatiza ni hiki: Reno iko chini ya Nairobi kwa zaidi ya mita 400, inakaribiana na Arusha. Nani amewahi kushuka JKIA akaumwa kichwa kwa mwinuko? Halafu wapo ambao kichwa kinaanza Jumamosi asubuhi, kabla gari halijaigusa 431. Sababu ni nini hasa, na ratiba ipangwe vipi?

#2 Jiwe la Pembeni

Mwinuko huo. Mount Rose ndio mlima mrefu kuliko yote ya Tahoe, unategemea nini?

#3 Guta la Marangu

Naunga mkono mwinuko, ila tuuweke kwa namba ili asiyepanda aelewe.

Barabara ya 431 pale juu iko mita 2,716. Kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, Kilimanjaro, ni mita 2,720. Ni kimo kimoja. Tofauti ni namna ya kufika. Mandara mgeni anatoka getini, chini kidogo ya mita 1,900, anatembea saa 3 hadi 4 msituni, analala, na kesho yake ndipo anaendelea. Reno anapanda zaidi ya mita 1,300 akiwa ameketi kwenye gari, chini ya saa nzima, soda mkononi. Akifika anaruka nje na kuanza kupanda njia ya Mount Rose kama anakimbilia daladala.

Kilele chenyewe ni mita 3,285, kwenda na kurudi kama kilomita 16. Hapo yuko katikati ya Mandara na Horombo, kituo kinachofuata, ndani ya siku moja, na usiku uliotangulia amelala kwa muda wa saa tatu tu. Hewa ya pale juu ina shinikizo la kama theluthi mbili tu ya lile la pwani. Pole pole haikubuniwa kwa ajili ya watalii wa picha, ndiyo dawa yenyewe.

#4 Mama Kiazi

#3 umeeleza vizuri, lakini swali lina sehemu mbili. Wale ambao kichwa kinaanza Jumamosi asubuhi wakiwa bado Reno, mwinuko wa Mandara unawahusu nini? Hao walivuka Donner dakika chache tu na kushuka.

Mimi nasema ni usiku wa kasino. Pombe, moshi wa sigara na kukesha. Mlima unasingiziwa.

#5 Kinyonga Mtulivu

Kuna kitu hamjakitaja. Kasino zinapuliza oksijeni ndani ili watu wasisinzie. Mwili unazoea oksijeni nyingi, ukitoka nje kwenye hewa ya kawaida kichwa kinauma. Hii inajulikana.

#6 Mgawa Karata

#5 hapo umeteleza, na uvumi huu umezunguka miaka mingi. Hakuna kasino Nevada inayopuliza oksijeni. Oksijeni ikizidi hewani, moto mdogo unakuwa mkubwa kwa sekunde, na kwenye ukumbi wa kamari sigara zinawaka kila kona. Nevada ndiko hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas iliungua Novemba 1980 wakafa watu 85. Baada ya hapo masharti ya moto yalikazwa kwelikweli. Hakuna mkaguzi wa kuruhusu kitu hicho.

Kilichopo ukumbini ni hiki:

Moshi. Sheria ya Nevada ya 2006 ilizuia sigara sehemu nyingi za ndani, lakini sakafu ya kamari ya kasino iliachwa. Mitambo ya hewa inavuta moshi lakini haiumalizi. Mgeni asiyevuta akikaa katikati ya mashine saa 5, macho yanawasha na koo linakauka. Tafuta kona iliyotengwa kwa wasiovuta, na uombe chumba cha ghorofa ya juu, mbali na lifti inayotokea ukumbini.

Vinywaji. Anayecheza analetewa bure, bakshishi dola 1 au 2. Kwa kuwa ni bure, hakuna anayehesabu. Mtu wa bia mbili nyumbani anafika tano bila kujua, na maji hajaomba hata glasi moja. Maji nayo ni bure, unamwambia mhudumu yuleyule.

Saa. Huoni dirisha wala saa ya ukutani. Watu wanadhani ni saa 5 usiku kumbe ni saa 9 alfajiri. Anayeamka saa 1 asubuhi kwenda mlimani amelala saa nne tu. Hicho kichwa kingemuuma hata Bagamoyo.

#7 Sindano Taratibu

Salaam wote. Upande wa tiba niseme kidogo, maana watu wanachanganya vitu viwili.

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika juu, wakati mwingine mapema zaidi. Si maumivu ya kichwa peke yake. Huja na angalau kimojawapo cha hivi: kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, kizunguzungu. Mara nyingi huanzia mita 2,500 na kuendelea, wachache huanza kuusikia kwenye 2,000. Kwa hiyo #4 yuko sahihi kwamba kichwa cha Jumamosi asubuhi Reno hakielekei kuwa cha mwinuko.

Ila pia #3 ana kazi ya kujibu. Dawa kuu ya mwinuko ni kushuka, na hata mita 300 hadi 1,000 huleta nafuu. Anayerudi kulala Reno ameshuka mita 1,300 na zaidi. Kichwa kilipaswa kupungua usiku ule, sio kuanza kugonga Jumapili asubuhi.

Langu ni ukavu. Reno iko upande wa nyuma wa Sierra Nevada, mawingu yanamwaga theluji upande wa California na Tahoe, Reno inabaki na mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Mchana wa kiangazi hewa imekauka hadi jasho halionekani, linapotea kabla hujalihisi. Mtu wa pwani amezoea kuona shati limelowa ndipo anywe maji. Kule shati ni kavu, midomo inapasuka, mkojo ni rangi ya chai ya rangi. Huyo tayari amepungukiwa.

Lakini msimbebeshe mgeni lita 6. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi yanashusha sodiamu mwilini, na hiyo nayo huleta kichwa na kichefuchefu. Nusu lita kila saa ya kutembea, pamoja na kitu cha chumvi, inatosha wengi.

#8 Guta la Marangu

#7 nakujibu. Wengi wanaosema wamelala Reno kumbe Jumamosi wamelala Tahoe, Stateline au Incline Village, ambako pia kuna kasino. Ziwa lenyewe liko mita 1,897. Hao hawakushuka hadi Reno. Kabla ya kubishana tuulize kwanza mtu alilala wapi.

Pia ukipanda kwa mwendo wa pupa mwili unachoka, na kichwa cha uchovu hakifuati ratiba ya kitabu.

#9 Njia ya 80

Swali zuri. Kwa kundi ninaloulizia wote walirudi Reno.

#10 Ramani Mkononi

Sahihisho la #2: Mount Rose si mrefu kuliko yote ya Tahoe. Freel Peak, upande wa kusini wa ziwa, unaupita, uko mita 3,300 na ushee. Mount Rose unajulikana zaidi kwa sababu barabara inakufikisha karibu. Na hiyo 431 ndiyo njia ya lami iliyo juu kuliko zote za Sierra Nevada zinazoachwa wazi mwaka mzima. Ndiyo maana #3 ana hoja: hakuna mahali pengine pale ambapo gari dogo linakupandisha kimo hicho hata Januari.

Anayetaka mlima bila kilele, njia ileile ya Mount Rose ina maporomoko ya Galena kama maili 2 na nusu kutoka maegesho, na mteremko wake ni mpole. Pembeni ya barabara kuna Tahoe Meadows, mbuga tambarare, unatembea bila kupanda. Kwa mgeni wa siku ya kwanza hapo panatosha kabisa. Anayetaka kilele aanze kutembea saa 12 asubuhi au saa 1, awe ameshaanza kushuka kabla ya saa 6 mchana. Julai na Agosti radi hupiga alasiri, na juu ya kilele hakuna mti wa kujikinga. Theluji inaweza kubaki njiani hadi Julai, usidanganywe na joto la Reno.

#11 Kikombe cha Tatu

Naleta sababu ambayo hamjaigusa: chai.

Waswahili wengi wanakunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku, majani yamechemshwa na maziwa mpaka yakolee. Mwili umezoea kafeini ile. Safarini, kikombe cha mwisho ni Ijumaa asubuhi. Hotelini Reno kuna mashine ya kahawa ambayo haijaguswa, na mfuko wa chai kwenye maji ya vuguvugu. Kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na kinazidi siku ya pili. Piga hesabu: Ijumaa saa 4 asubuhi hadi Jumamosi asubuhi. Hao ndio wagonjwa wa #4 ambao hawajafika mlimani.

Kipimo chake ni rahisi. Kahawa moja nzito, subiri saa moja. Kikiondoka, ulikuwa unadai chai.

#12 Sindano Taratibu

#11 nadharia yako naipenda, saa zinaingiana. Ila kipimo chako hakithibitishi. Kafeini husaidia aina nyingi za maumivu ya kichwa, ndiyo maana imo ndani ya baadhi ya vidonge vya maumivu. Kikiondoka kwa kahawa bado hujajua kilikuwa cha nini.

#13 Mama Kiazi

Nyongeza kwa wapenda chai: beba majani na tangawizi zako, na chemsha muda mrefu zaidi. Reno maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, juu kule Mount Rose kama 91. Maharage kwenye nyumba ya kupanga Tahoe bila presha kuka ni kazi ya siku nzima. Anayewatania wake zetu kwamba hawajui kupika likizoni ajue sababu.

#14 Bwana Oksimita

Msibishane, nunueni kile kipimo cha kidole, dola 20 tu. Reno kinasoma 95 hivi, Mount Rose 90 hadi 94 si ajabu. Kikienda chini sana, shuka. Kikiwa 96, tafuta sababu nyingine.

#15 Sindano Taratibu

#14 tahadhari, na hili naomba kila mmoja alisome. Vipimo vile vinapitisha mwanga kwenye ngozi. Imeonyeshwa kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi vinasoma juu kuliko hali halisi ya damu. Namba 93 kwenye kidole cha Mswahili inaweza kuwa pungufu ya hapo. Kwa hiyo namba nzuri isikutoe wasiwasi kama mtu anayumba au anahema akiwa amekaa.

Namna ya kupima: mgeni akae dakika 5 bila kuongea. Mikono iwe ya moto, asugue viganja au avishike chini ya kwapa, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kidole cha baridi na namba inarukaruka. Afute rangi ya kucha. Mwenye hina nyeusi kwenye ncha za vidole, kama bibi harusi wa Mombasa, atumie kidole kisichopakwa au kipimo cha ndewe ya sikio. Subiri namba itulie nusu dakika, usichukue ile ya kwanza. Linganisha na namba yake mwenyewe ya Reno asubuhi, usilinganishe na ya jirani.

Dalili ambazo hazisubiri kipimo: hawezi kutembea kwenye mstari mnyoofu, anachanganya maneno, anahema akiwa ametulia, anakohoa povu. Hapo gari linashuka na unapiga 911 papo hapo.

Na mwenye selimundu asipelekwe 431 kabla ya kuongea na daktari wake. Hata mwenye kinasaba kimoja tu, asiyeumwa miaka yote, akipata maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, asiambiwe ni gesi. Inaweza kuwa bandama. Shusheni, mpelekeni hospitali, na mtaje neno selimundu mlangoni, kwa sababu daktari wa pale huenda hakukutana nalo wiki nzima.

#16 Guta la Marangu

#15 asante kwa hilo la selimundu, hata huku Kilimanjaro huwa tunalirudia.

#17 Jiwe la Pembeni

Sawa #10 nimekubali la Freel Peak. Na Diamox, ile dawa ya mwinuko, je?

#18 Sindano Taratibu

Inazuia, na wengi hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ni dawa ya cheti, inakojoza, inawasha vidole, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kwanza. Kwa wikiendi ya kwenda juu na kurudi kulala Reno, wengi hawaihitaji. Usiku mmoja wa kulala mapema unawasaidia zaidi.

#19 Jicho la Angani

Mmesahau moshi wa nyika. Kuanzia Julai hadi Oktoba California ikiungua, upepo wa magharibi unausukuma moshi wote hadi bonde la Reno na unakaa humo. Mwaka 2021, moto wa Dixie na wa Caldor, jua la Reno lilikuwa jekundu mchana, na mwisho wa Agosti South Lake Tahoe yote iliamriwa kuhama. Siku za namna hiyo kichwa kinauma hata kwa asiyecheza kamari wala kupanda mlima.

Kabla ya kuondoka angalia fahirisi ya ubora wa hewa (AQI) kwenye tovuti ya AirNow. Chini ya 50 nenda. Kati ya 100 na 150 wenye pumu na watoto wapunguze. Ikizidi 150 ahirisha kutembea, na msidhani dirisha la gari litawaokoa. Washeni hewa ya kuzunguka ndani, sio ya kuvuta nje.

#20 Mama Kiazi

#19 hiyo ni kweli kwa Agosti. Lakini vichwa vinauma Februari pia. Februari moshi wa nyika unatoka wapi?

#21 Fundi Ekzosi

#20 Februari kuna moshi mwingine, na huo unaua. Gari limeegeshwa kwenye theluji pale Tahoe Meadows, watoto wanateleza na vibao, wazazi wamebaki ndani na injini inawaka ili heta ifanye kazi. Theluji imepanda nyuma hadi imeziba bomba la ekzosi. Moshi unarudi chini ya gari na kuingia ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu. Dalili: kichwa kinawauma wote waliomo kwa pamoja, na walio nje wazima. Mkiona hivyo zima injini, fungua milango yote, tokeni, piga 911.

Kabla ya kuwasha gari lililokaa kwenye theluji, chimba nyuma kwa koleo hadi uone bomba lote na nafasi ya hatua moja kulizunguka. Injini isiwake zaidi ya dakika 10 mfululizo gari likiwa limesimama, na dirisha moja liachwe wazi upana wa vidole viwili.

#22 Njia ya 80

#21 hilo sikulifikiria kabisa. Shukrani. Na cheni za matairi mnashauri nini, tukiwa hapohapo kwenye baridi?

#23 Fundi Ekzosi

Upande wa California kuna ngazi tatu. R1: cheni, ila matairi ya theluji yanaruhusiwa badala yake. R2: cheni kwa wote isipokuwa gari la kuvuta magurudumu manne lenye matairi ya theluji yote manne, na hata hilo libebe cheni ndani. R3: kila gari, bila msamaha, na mara nyingi wanafunga barabara kabla ya kufika hapo.

Cheni zinafungwa kwenye magurudumu yanayovuta. Gari nyingi ndogo ni ya mbele. Watu wanafunga nyuma kwa mazoea ya Hiace, kisha gari halipandi. Tandaza cheni juu ya tairi, ndoana za ndani kwanza, sogeza gari nusu mzunguko, malizia za nje, endesha mita mia, shuka ukaze tena. Hilo la kukaza mara ya pili ndilo linalorukwa, na ndilo linalosababisha cheni ikatike na kukwaruza fenda. Mwendo usizidi maili 25 hadi 30 kwa saa. Jaribu kufunga nyumbani kukiwa kukavu, maana njiani utafunga gizani vidole vimekufa ganzi. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba, mikataba mingi inakataza cheni.

#24 Dubwi Kubwa

Wakuu, tumeongea milima tu. Upande wa meza je? Mgeni ana dola 200, acheze nini zisiishe saa moja?

#25 Mgawa Karata

Asome kitambaa cha meza kabla ya kukaa. Kwenye blackjack, mchezo wa karata wa kutafuta 21, kumeandikwa malipo ya kupata 21 kwa karata mbili za kwanza: 3 kwa 2, au 6 kwa 5. Maandishi yanafanana, watu hawaangalii. Ukiweka dola 20, meza ya kwanza inakulipa 30, ya pili 24. Mkono huo hutokea kama mara moja kwa mikono 21. Meza yenye kasi ya mikono 60 kwa saa ni karibu mara tatu, kwa hiyo unaacha kama dola 18 kila saa kwa kutosoma sentensi moja. Meza za bei ndogo mara nyingi ndizo za 6 kwa 5.

Ruleti: yenye sifuri moja kasino inabaki na asilimia 2.70, yenye sifuri mbili 5.26, na siku hizi kuna ya sifuri tatu, 7.69. Hesabu sifuri kabla ya kuweka chochote. Mashine, zile mnazoita dubwi, hazikuandikii asilimia yake popote. Umri ni miaka 21, na kitambulisho kinaombwa hata kwa mwenye mvi.

#26 Mhasibu wa Kariakoo

#25 ongeza kodi, inawashtua wageni wa viza. Mashine ikitoa ushindi mkubwa inajifunga, taa ya juu inawaka, mhudumu anakuja na fomu. Kiwango kilikuwa dola 1,200 kwa miaka mingi, kuanzia 2026 ni 2,000. Kwa asiye mkazi wa Marekani wanakata asilimia 30 pale pale. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuwaokoa. Lakini ushindi wa blackjack, bakarati, kreps na ruleti hauguswi na makato hayo. Mwenye kadi ya kijani yuko kundi jingine, anatangaza kwenye ritani yake.

Na bei ya chumba: ile ada ya hoteli inayoongezwa kwa kila usiku, tangu Mei 2025 lazima iwe ndani ya bei unayoonyeshwa mwanzoni. Linganisha jumla, sio ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

#27 Ramani Mkononi

Turudi kwenye kichwa. Kwa aliyeamka nacho Jumapili kuna pa kumpeleka pasipo kumpandisha tena. Mto Truckee unatoka Tahoe, unapita katikati ya Reno, unaishia Ziwa Pyramid. Pale Wingfield Park, hatua chache kutoka kwenye kasino za katikati ya mji, kuna njia ya miguu kando ya maji na kivuli.

Au mshukeni Pyramid lenyewe, lipo chini kuliko Reno, mita 1,160 hivi. Ni ardhi ya kabila la Paiute wa Pyramid Lake, kwa hiyo kibali chao kinanunuliwa kabla ya kuegesha, hata kama huvui. Uvuvi wa trauti wa Lahontan ni kuanzia Oktoba 1 hadi Juni 30. Utaona jambo ambalo hulioni kwingine: wavuvi wamesimama juu ya ngazi za kukunja, zimekitwa majini mita kadhaa kutoka ufukweni. Samaki wanapita pale sakafu ya ziwa inaposhuka ghafla, na ngazi inamtoa mvuvi kwenye maji ya baridi na kumwezesha kutupa mbali. Samaki wa rekodi wa ziwa lile, 1925, alikuwa ratili 41.

#28 Kinyonga Mtulivu

#6 nimekubali la oksijeni, nashukuru kwa kunisahihisha. Nina lingine. 431 inashuka kwa kasi, masikio yanaziba. Mwenye mafua hewa inanasa kwenye matundu ya paji la uso, inabana wakati wa kushuka. Kichwa hicho kinakaa mbele, juu ya nyusi, na kinazidi akiinama kufunga kamba za viatu. Kinaweza kuendelea hadi kesho yake. Hicho kingejibu swali la #7, kwa nini kinauma baada ya kushuka badala ya kupona.

#29 Sindano Taratibu

#28 hiyo inawezekana kabisa kwa mwenye mafua. Kwa wazima sidhani.

#30 Guta la Marangu

Mimi bado nasema mwendo. Mpunguzieni mgeni mwendo siku ya kwanza, mengine yote yatajipunguza.

#31 Njia ya 80

Nimesoma yote. Safari ijayo nitabadili hivi: Ijumaa kutoka Sacramento mchana, wafike Reno na kula kabla ya meza. Kila kinywaji cha bure na glasi ya maji, vyumbani saa 5 usiku. Jumamosi ni mto na Tahoe Meadows, bila kilele. Kilele Jumapili alfajiri kwa anayetaka, kisha nyumbani. Chai na tangawizi ndani ya buti. Na nitaandika kwenye daftari nani alikunywa, nani alikosa chai, nani ana mafua na kichwa kilianza saa ngapi, maana kwa sasa kila sababu hapa ina mgonjwa wake.

#32 Jicho la Angani

Andika na AQI ya kila siku. Na Jumapili wakishuka kutoka kileleni msipitie kuogelea Tahoe alasiri. Upepo unaamka baada ya mchana, na maji yale hata Agosti yanakata pumzi kwa aliyezoea bahari ya Tanga. Kama ni lazima, iwe asubuhi, na waingie kwa miguu, wasiruke.